Jina la Mke wa Kwanza

Mama yangu alikuwa na mke mwenza ambaye hakuwahi kumtia machoni. Alipoolewa na baba, yule mwanamke alikuwa ameshalala miaka miwili nyuma ya kanisa letu la Saint-Évode, chini ya jiwe jeusi lililochongwa jina lake na, pembeni, jina la baba likisubiri tarehe yake. Hilo halikumpunguzia mama wivu hata chembe. Mimi nina saluni mjini Rivière-du-Loup, na kwa miaka mingi nimewasikiliza wanawake waliofungwa taulo shingoni wakinieleza habari za waume zao na wanawake wa nje. Sijapata kusikia wivu uliotunzwa vizuri kama wa mama yangu, Yvonne Chassé.

Na nilimwelewa. Mwanamke aliye hai unaweza kumsubiri mlangoni pa kanisa ukampa lake. Atanenepa, atang'oka meno, mumewe atamchoka kama waume wote, nawe utalala usingizi mnono. Yule wa mama alibaki pichani, sebuleni, juu ya kinanda, na shingo yake ndefu na nywele zake zote. Mama alimpangusa vumbi kila Jumamosi, kwa sababu mama hakuwa mchafu, na kila akimaliza, picha ilikuwa imepinda. Baba alipopita aliinyoosha. Hawakuwahi kuzungumzia jambo hilo.

Kwetu mwanamke hubaki na jina la baba yake kwenye karatasi zote, tangu ubatizo hadi jiwe la kaburi. Midomoni mwa watu ndimo anamopotelea. Kijiji kizima kina majina ya ukoo matano sita, kwa hiyo mtu huitwa kwa baba yake na babu yake, na mke huitwa kwa mumewe. Baba alikuwa Evariste wa Ludger wa Thaddée. Ukoo wetu una majina mawili, maana babu wa kwanza aliyevuka bahari alikuwa askari aitwaye Emond, na wenzake kambini wakambandika jina la Belhumeur, yaani mtu mchangamfu. Wajukuu wakagawana: hawa wakashika Emond, wale wakashika Belhumeur, ndugu wa damu moja, na mpaka leo kila upande unasema wenzao ndio waliopotoka. Sisi ni akina Belhumeur. Kicheko cha baba nilikisikia siku za Krismasi, tena si kila Krismasi.

Basi mke wake wa kwanza, Délima Lizotte, alikuwa Bi Evariste. Mama alipokuja na sanduku lake moja kutoka vijiji vya ndani, kule kwenye misitu, jina lilikuwa limeshachukuliwa. Wakamwita Bi Evariste mpya. Nilipoanza shule alikuwa mpya. Nilipoolewa alikuwa mpya.

"Nina mvi, nina meno ya bandia, na bado mimi ni mpya," alikuwa akisema huku akikanda unga. "Siku nitakayochakaa mniambie."

Jiko la chuma lilikuwa la Délima. Kinu cha siagi kilikuwa cha Délima. Hata mchi wa kusukumia unga ulikuwa na alama ya vidole vyake, au ndivyo mama alivyodai. Akipeleka pai ya sukari kwenye karamu ya kanisa, lazima kuna mtu angeonja, angefumba macho, na kusema, "Nzuri, Bi Evariste. Marehemu ukoko wake ulikuwa mwembamba zaidi." Karibu na ngazi ya nyuma kulikuwa na kichaka cha maua ya lilaki alichokipanda marehemu mwaka wa harusi yake. Mama alikikata mwezi wa kwanza tu alipoingia. Kikachipua. Akakikata tena. Asiyejua lilaki anaweza kudhani mti ukikatwa umekwisha. Ule ulikuwa unatokeza pembeni, pale, na pale, na mwezi Juni nyumba yote inanukia marehemu.

Halafu nikazaliwa mimi, na ndipo mambo yalipoharibika kabisa.

Ilikuwa Februari, siku ya tufani ya theluji. Wakati ule mtoto hakulazwa usiku wa pili bila kubatizwa. Ilikuwa lazima apelekwe kanisani mara moja, anga liwe linaanguka au halianguki. Mama mzazi hakwenda. Alibaki kitandani, na mtoto alibebwa na mama wa ubatizo, ambaye ndiye mwenye haki ya kumpa jina. Ndugu zake mama wasingeweza kufika kwa theluji ile. Baba akaenda nyumba ya pili, akamwomba Alvine. Huyo ndiye aliyewalea watoto watatu wa baba wakati baba alipokuwa mjane, na alikuwa na koti zito. Pia alikuwa dada wa tumbo moja wa marehemu.

Mama alikuwa na jina tayari. "Solange," alimwambia baba. "Mwambie Alvine, Solange. Umesikia?"

"Hm," alisema baba.

Walirudi jioni, farasi ameganda barafu puani. Alvine aliingia chumbani na theluji mabegani, akaniweka juu ya blanketi.

"Huyu hapa, Mkristo kamili," alisema. "Anaitwa Délima."

Mama alimtazama baba. Baba alikuwa ameinama anafungua viatu.

"Ni desturi, Yvonne," alisema bila kuinua kichwa.

Desturi yenyewe ipo, sikatai. Wazee walipenda mjane akioa tena, binti wa kwanza wa nyumba mpya apewe jina la aliyetangulia, ili pasikose mtu wa kumwombea. Desturi nzuri, kwa mtu ambaye si mama yangu. Aligeukia ukutani, na ukuta ule ulikuwa umepakwa chokaa na yule mwingine.

Tangu siku hiyo akaniita Pitoune. Huku kwetu ni jina la mapenzi kwa msichana mwenye mashavu, na pia ndilo jina la magogo yanayoshushwa mtoni kwenda kiwandani. Miito ya kuamka, ya kula, ya kuchapwa, yote ilikuja kwa Pitoune. Siku ya kwanza shuleni mtawa aliniita "Délima Belhumeur" mara mbili na sikuitika. Akaandika kwamba mtoto huyu ana tatizo la masikio. Benki mama alisema, "Nimekuja na Pitoune." Siku ya harusi yangu, padri amesimama na kitabu, mama alinong'ona kwa sauti ya kanisa zima, "Pitoune, nyoosha mgongo."

Mtu atasema hilo ni jambo dogo, mama kumwita binti yake gogo. Sawa. Ila nami nina roho. Wale watoto watatu wa marehemu mama aliwalea vizuri, na aliwaita kwa majina yao, Gérard, Lucille, Normand, kutwa mara hamsini. Majina yao yalimtoka kama maji. Mimi niliyetoka tumboni mwake, mimi peke yangu, maana baada yangu hakupata mwingine, ndiye niliyekosa. Nilikuwa nakaa chini ya meza ya jikoni nikiwaonea gere ndugu zangu kwa kitu ambacho wao wenyewe hawakujua wanacho.

Baba alikufa, akalazwa chini ya jiwe jeusi, upande wake uliokuwa unamsubiri. Mama alisimama pale makaburini akiwa amebana midomo. "Amerudi kwake," alisema.

Miaka ikapita. Alikuwa ameshavuka themanini, anaishi peke yake katika nyumba ileile, anaikata lilaki kwa mkasi wa maua kwa sababu shoka lilimshinda, ndipo akatokea Réjean Emond.

Réjean ni binamu yetu kwa upande wa akina Emond. Alikuwa mpima ardhi. Alipostaafu akakosa ardhi ya kupima, akaanza kutupima sisi. Aliunda umoja wa ukoo, akatangaza mkutano mkubwa wa Agosti wa wote, Emond na Belhumeur, na akaahidi kuchora mti mzima, kuanzia yule askari hadi mtoto wa jana, na kuubandika kwenye kuta za ukumbi wa kanisa. Akawa anapita nyumba kwa nyumba akiuliza nani alizaa nani. Kila alipogonga kwa mama, mama alichungulia pazia na kuniambia, kama nipo, "Mwambie nimelala."

"Mama, ni saa nne asubuhi."

"Atataka nimtajie yule. Nimelala."

Kwa hiyo Réjean, mtu mwenye subira, alivuka uwanja akaenda nyumba ya pili, kwa Alvine. Alvine alikuwa na miaka tisini na kiti cha magurudumu, na hakuwa amelala hata kidogo.

Siku ya mkutano nilimtengeneza mama nywele tangu asubuhi, nikamvisha gauni la buluu. Ukumbini kulikuwa na maharage na nyama ya nguruwe, pai za nyama, watoto wanakimbizana chini ya meza, na wanaume wa Emond wakiwatania wanaume wa Belhumeur kwamba wamekuja kula kwa jina la kambini. Karatasi ilizunguka kuta tatu. Mama hakutaka kukaa. Alishika fimbo yake akaufuata ukuta polepole, mabega yake madogo mbele yangu, akiwapita wafu wote bila kuwajali, mpaka akafika kwa baba. Hapo akasimama.

"Pitoune," aliniita. "Nisomee hapa. Miwani yangu leo haina akili."

Nilikuwa nimeshaona. "Tukale kwanza, mama."

"Nisomee."

Nikasoma. Evariste Belhumeur. Mke wa kwanza, Délima Lizotte. Watoto: Gérard, Lucille, Normand, Délima. Mke wa pili, Yvonne Chassé.

"Na chini yake?"

"Mama."

"Pameandikwa kitu, nakiona. Kisome."

"Bila uzao," nilisema.

Nilidhani ataanguka. Nilimshika kiwiko, naye akaukung'uta mkono wangu kama anavyofukuza nzi. Kwa zaidi ya miaka arobaini yule mwanamke alikuwa amekalia jiko lake, jina lake la mtaani, upande wake wa kaburi. Kulikuwa na kitu kimoja tu humu duniani ambacho mama alikuwa nacho na yeye hakuwa nacho, na sasa nacho kilikuwa kimehamishwa, kwa wino, mbele ya ukoo mzima.

"Réjean wa Philippe," mama aliita. "Njoo hapa."

Réjean akaja na sahani yake. "Shangazi Yvonne. Umependeza leo."

"Sikuja kupendeza." Akaninyooshea fimbo. "Huyu ni nani?"

"Ni Délima, shangazi."

"Ametoka tumboni mwa nani?"

Réjean akautazama ukuta, kisha akanitazama mimi, kisha akaiweka sahani chini. Alikuwa ameanza kuwa mwekundu masikioni. Walio hai hakuwaandikia miaka yao, kwa heshima, na bila miaka hakukuwa na kitu cha kumzuia. Msichana aitwaye Délima, juu yake kuna mwanamke aitwaye Délima: kwetu sisi hakuna ambaye asingewaunganisha.

"Nilikuja kwako, shangazi. Kila nikija naambiwa umelala."

"Nilikuwa nimelala."

"Asubuhi yote?"

"Mimi mzee."

Watu wa meza ya karibu wakacheka, na kwa kucheka wakageuka, na waliogeuka wakawagusa wengine. Ukumbi ukaanza kunyamaza upande kwa upande.

"Basi nikamwuliza shangazi Alvine," alisema Réjean.

Alvine alikuwa pale pale, kitini mwake, na kipande cha pai ya sukari magotini. Alijifuta midomo taratibu.

"Niliulizwa watoto wa dada yangu nikawataja," alisema. "Délima ni wa Délima. Nilimbeba mimi kwenye tufani, ndani ya koti langu. Wewe ulikuwa umelala, Yvonne. Hata siku ile ulikuwa umelala."

"Nilikuwa nimetoka kuzaa."

"Ndiyo. Na kulala."

"Ulimpa mwanangu jina la maiti na hukuniuliza."

"Ulikuja ukalala kitanda cha dada yangu na hukuniuliza," alisema Alvine. Ndipo nilipojua kwamba hakukosea kwa uzee. Naye alikuwa amelitunza la kwake miaka yote ile, nyumba ya pili, akitazama moshi wa mwanamke mwingine ukitoka kwenye bomba la dada yake.

Réjean akatoa kalamu yake nene mfukoni. Mpima ardhi hapendi mpaka ukae vibaya. "Yaishe, mashangazi. Nasahihisha sasa hivi. Shangazi Yvonne, chini yako niandike nani?"

"Andika Pitoune."

Watu wakaangua kicheko, hata walionipenda.

"Hilo siwezi, shangazi. Nipe jina lake."

"Andika binti yangu."

"Jina, shangazi. Wote wameandikwa majina."

"Mwache," alisema Alvine. "Hilo jina halijawahi kupita kooni mwake. Mtu asiyeweza kumtaja mwanawe, basi mtoto abaki kwa aliyempa jina."

Nilifungua mdomo. Lilikuwa jina langu, ningeweza kulisema mwenyewe, nalisema kila siku kwenye simu ya saluni. Mama akanigonga kiatu kwa fimbo.

"Nyamaza. Si wewe unayeulizwa."

Alisimama akiutazama ukuta. Midomo yake ilijikunja ndani, kisha ikatoka. Hakuna aliyekuwa anacheka tena.

"Délima," alisema.

Alilisema wazi, bila kukwama, herufi zote zikiwa mahali pake. "Délima Belhumeur. Wa Yvonne Chassé. Na uandike kubwa, wengine humu macho yao yamekufa."

Réjean akaandika kubwa. Juu, kwa watoto wa yule mwingine, jina langu akalipiga mstari.

Watu walipiga makofi, na mtu mmoja wa Emond alinikumbatia huku akinuka bia. Ningepaswa kufurahi. Lakini niseme ukweli: nilishikwa na wivu. Niliwahi kuwaza ni vipi mama angelitamka jina hilo, kama siku ingefika, na nilidhani lingetoka kwa taabu, kama mfupa wa samaki. Lilitoka laini. Lilikuwa limetumika. Mwanamke huyu alikuwa amelisema moyoni kila siku ya Mungu, akipangusa picha, akikata lilaki, akisukuma unga, na katika mara zote hizo hakuwa akinisema mimi. Nilikuwa na miaka arobaini na sita, na marehemu alikuwa amesikia jina letu kwa mama yangu mara nyingi kuliko mimi.

Mama alikuwa ameshakaa. Alinyoosha mkono, akakata kwa uma kipande kidogo cha pai kwenye sahani ya Alvine, pai iliyopikwa kama alivyokuwa akipika dada yake, akatafuna kwa makini.

"Ukoko mnene," alisema.

"Umekosa adabu, Yvonne," alisema Alvine, na akamsogezea sahani.

Nilimrudisha nyumbani kabla jua halijatua. Njiani tulizungumza habari za maharage. Nilimfungulia mlango, akaingia jikoni kupasha supu, nami nikabaki nje kwenye ngazi ya nyuma, navua viatu vilivyonibana. Lilaki ilikuwa imechipua tena kando ya ngazi, matawi membamba ya mwaka huo, majani yakigusa mkono wangu.

"Délima," mama aliita kutoka ndani. "Supu inapoa."

Sikutikisika. Niligeuza kichwa kuelekea dirisha la sebuleni, kule picha iliko, nikasubiri kuona kama kuna atakayeitika.

Mlango wa wavu ukafunguka. Mama alisimama pale na mwiko mkononi, nywele nilizomtengeneza zimeshalala upande mmoja.

"Wewe nakuita," alisema. "Yule ameshakula vya kutosha humu ndani."